Kwa nini kivuli cha majengo ya Mji Mkongwe kinageuka tope kwenye rangi ya maji?

#1 Brashi ya Shangani
Wakuu, salaam. Picha za rangi ya maji za Mji Mkongwe zinazowekwa humu nyingi mistari yake ni mizuri. Roshani zimekaa mahali pake, mabati yana kutu inayoaminika. Zinaangukia sehemu moja: ukuta ulio kivulini. Ukuta wa chokaa ukikosa jua unabaki kuwa ukuta mweupe, na jicho linajua hivyo. Kwenye karatasi unatoka kijivu-kahawia kilichokufa, kama umepakwa maji ya kuoshea brashi.

Tuchukue mfano mmoja tusitawanyike. Uchochoro wa Kiponda au Hurumzi, ukuta mmoja una jua kuanzia ghorofa ya kwanza kwenda juu, wa pili wote uko kivulini, chini kuna mlango wa nakshi na baraza. Karatasi gramu 300 kwa mita ya mraba, robo shiti, yaani sentimita 28 kwa 38. Rangi ni ultramarini (bluu), sienna ya kuchoma (kahawia-nyekundu), oka ya njano na nyekundu moja.

Msimamo wangu: kosa ni mchanganyiko. Rangi zinazoingia kwenye kivuli ni nyingi mno. Mbili zinatosha, ultramarini na sienna, basi. Wenye fani semeni.

#2 Kibao cha Pwani
Nimekaa mkao wa kula.

#3 Dada wa Kiponda
Mkuu #1, nakubali nusu. Idadi ya rangi si hoja kubwa kuliko aina yake. Kuna rangi zinazopitisha mwanga na kuna zinazouziba. Oka ya njano (namba ya chembe zake za rangi ni PY43) inaziba kiasi, kadimiamu zote zinaziba, na nyekundu nyingi za udongo ndio kabisa. Rangi ya maji inang'aa kwa sababu mwanga unapita kwenye rangi, unagonga karatasi nyeupe, unarudi machoni. Ukiweka chembe nzito mbili, moja juu ya nyingine, umefunga njia ya kwenda na ya kurudi.

Ndiyo maana unaweza kuchanganya rangi tatu zinazopitisha mwanga, tuseme ultramarini PB29, kwinakridoni ya waridi PV19 na sienna PBr7, ukapata kivuli safi. Ukichanganya mbili tu, kadimiamu nyekundu na seruliani ya bluu, ukapata tope. Msihesabu vibomba, someni namba ya chembe iliyoandikwa ubavuni.

Halafu angalieni seti za wanafunzi. Bomba limeandikwa kobalti (bluu), ukisoma namba hakuna kobalti ndani, ni mchanganyiko uliotengenezwa ufanane nayo. Unadhani umechanganya rangi mbili kumbe ni nne.

#4 Fundi Mpako
Jamani, mnazunguka. Tope linaletwa na mkono.

Fanyeni jaribio hili leo usiku. Changanyeni kivuli kimoja, ultramarini na sienna, kiasi cha kujaza kijiko cha chai. Kata vipande viwili vya karatasi ileile. Cha kwanza pitisha brashi mara moja kutoka juu hadi chini, acha. Cha pili pitisha, subiri mpaka ule mng'ao wa maji uanze kufifia, halafu rudi ukasawazishe. Vikikauka, cha kwanza ni kivuli na cha pili ni tope. Rangi zilezile, karatasi ileile. Chembe zilikuwa zimeshaanza kutulia kwenye mabonde ya karatasi, wewe ukaja ukazitibua. Tena ukirudi na brashi yenye maji mengi kuliko yaliyopo karatasini, maji mapya yanasukuma rangi pembeni na unapata yale mabaka yenye kingo za kuchanua.

Kivuli cha jengo ni mpako mmoja. Ubao uinamishe nyuzi 15 hadi 20, brashi ya duara namba 12 au ya bapa ya inchi moja, iwe imeshiba. Anza ukingo wa paa, acha ushanga wa maji, yaani tone linalojikusanya, ukae chini ya brashi, uteremshe nao. Unapita roshani, unapita dirisha, unapita mlango, unaingia barabarani bila kunyanyua. Madirisha na milango ya kivulini yatakuja baadaye juu ya mpako ukikauka. Mtu anayepaka kivuli cha ukuta, kisha cha roshani, kisha cha baraza, vipande vipande, anatengeneza kingo nyingi, na kila ukingo anauficha kwa kupitisha brashi tena. Tope linaanzia hapo.

#5 Kibao cha Pwani
#4 umemaliza. Ila swali: brashi iliyoshiba kwenye robo shiti si itafurika kwenye ukingo wa ukuta wenye jua?

#6 Fundi Mpako
Ukingo wa jua na kivuli unaukata kwanza kwa ncha ya brashi, karatasi ikiwa kavu, halafu unavuta rangi ndani kuelekea kivulini. Usianze katikati ukaenda ukingoni.

#7 Mzee wa Karatasi
Vijana, hongereni kwa mjadala. Hakuna aliyetaja karatasi, na ninyi mnaishi pwani.

Karatasi ya rangi ya maji ina gundi ndani na juu yake, kwa nyingi nzuri ni jelatini. Gundi hiyo ndiyo inayozuia rangi isizame. Unyevu wa miezi ya masika unaila. Karatasi iliyokaa kabatini Malindi au Mombasa mwaka mzima bila kufungwa inaweza kuwa ya pamba asilimia 100 na bado ikanywa rangi kama karatasi ya shashi. Rangi inazama katikati ya nyuzi, haikai juu, mng'ao unapotea. Fundi Mpako anaweza kupitisha mara moja kwa ustadi wote, kivuli kitatoka kimefifia na kina vidoadoa vyeusi pale gundi ilipokufa kabisa.

Kuipima ni rahisi. Tone la maji safi pembeni ya shiti. Likikaa limevimba kwa muda, gundi ipo. Likizama papo hapo na pale pakawa peusi, shiti hiyo ifanyie mazoezi ya penseli. Karatasi zako zikae kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, pamoja na vile vifuko vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Mashiti yalale, yasisimame.

Na kukauka je? Pwani karatasi inadanganya. Mng'ao umeondoka, unadhani tayari, kumbe ndani bado. Weka mgongo wa mkono juu ya karatasi. Ukihisi ubaridi, maji yapo. Ukipaka kivuli hapo, mpako wa oka uliopo chini unanyanyuka na kuingia ndani ya kivuli. Rangi mbili za Brashi ya Shangani zimekuwa tatu bila yeye kujua.

#8 Dada wa Kiponda
Shukrani Mzee #7. Hiyo ya mpako wa chini kunyanyuka inaunga mkono hoja yangu. Oka ikinyanyuka inaziba.

#9 Fundi Mpako
Na inaunga mkono yangu. Hainyanyuki yenyewe, brashi ndiyo inayoinyanyua.

#10 Mwalimu wa Mistari
Nyote mnaongelea rangi. Mimi naona tatizo ni kiasi cha giza.

Gawanyeni kutoka weupe wa karatasi hadi weusi kabisa kwa hatua kumi. Ukuta wa chokaa wenye jua ni 1, yaani karatasi tupu. Ukuta uleule kivulini ni 3 au 4 hivi, hauzidi. Ndani ya dirisha lililo wazi ni 8, chini ya baraza kabisa ni 9. Watu wanapaka kivuli cha ukuta 6, halafu dirisha 7. Picha nzima inasongamana katikati, hakuna kinachopumua, nasi tunaita tope. Chukua picha hiyo ifanye nyeusi na nyeupe kwenye simu. Kama kivuli na dirisha vimeungana, hata ungetumia rangi za thamani gani isingekusaidia.

Kumbukeni pia rangi ya maji inapauka ikikauka. Ndiyo maana mchoraji anaogopa, anaongeza mpako wa pili, wa tatu. Paka mara moja, giza kidogo kuliko unavyotaka, halafu vumilia.

#11 Brashi ya Shangani
Mwalimu, heshima yako. Lakini nimeona vivuli vya hatua ya 3 ambavyo ni tope, na vivuli vya hatua ya 7 vinavyong'aa. Kiasi cha giza hakielezi hilo.

#12 Mwalimu wa Mistari
Nimesema picha kusongamana, sijasema kila kivuli chepesi ni kizuri. Soma tena.

#13 Nahodha K
Naongezea jambo ambalo wengi wanalikosea: rangi ya kivuli chenyewe. Mnapaka ultramarini kila mahali kwa sababu vitabu vya Ulaya vinasema kivuli ni bluu. Kivuli ni bluu pale kinapoiona mbingu. Simama Forodhani asubuhi utazame Ngome Kongwe, kivuli kinachoanguka kwenye uwanja wazi kinapokea anga lote, ni bluu kweli. Ndani ya uchochoro anga ni utepe mwembamba juu ya vichwa. Ukuta ulio kivulini unaoangalia ukuta wenye jua unapokea mwanga wa chokaa, wa manjano kidogo, na chini unapokea joto la sakafu. Kwa hiyo ukuta mmoja huohuo, juu karibu na paa ni bluu, katikati ni waridi-kijivu, chini ya roshani ni dhahabu. Mtu akiupaka wote bluu-kijivu wa aina moja, jicho linakataa.

Ufanyeje: changanya vidimbwi vitatu kabla hujalowesha brashi. Kobalti peke yake. Kobalti na waridi PV19. Sienna mbichi na waridi kidogo. Anza juu na cha kwanza, ukiteremka dondoshea cha pili, chini ya roshani dondoshea cha tatu. Vichanganyike karatasini vyenyewe, usivikoroge. Mpako unabaki mmoja kama alivyosema Fundi.

#14 Dada wa Kiponda
Nahodha, hapo kwenye waridi umesema vema. Na wanaotumia nyekundu ya alizarini PR83 badala yake wajue kwamba inapauka kwa mwanga. Kivuli cha zambarau kilichotundikwa sebuleni penye jua kitabaki bluu tupu. PV19 inadumu.

#15 mkwezi wa minazi
Wakuu mimi sipaki, nanunua tu. Lakini gundi ya hizi rangi si sandarusi ileile iliyokuwa inauzwa Unguja zamani? Labda zikitengenezwa kwa sandarusi mbovu ndiyo tope.

#16 Mzee wa Karatasi
Hapana, mjukuu wangu. Sandarusi ni utomvu usioyeyuka kwenye maji, Unguja iliupeleka nje kwa ajili ya vanishi. Rangi ya maji inashikwa na gundi ya miti jamii ya mgunga, nyingi inatoka Sudan. Hiyo inayeyuka, ndiyo maana mpako uliokauka unaweza kunyanyuka tena ukilowa.

#17 Kibao cha Pwani
Nina picha ya zamani ya Beit-al-Ajaib (Jumba la Maajabu) kutoka baharini, nataka niichore na mnara wake wa saa kama ulivyokuwa Sultan Barghash alipojenga mwaka 1883. Kivuli cha mnara kinaangukia wapi asubuhi?

#18 Nahodha K
Rekebisha hapo kwanza. 1883 jengo lilikuwepo, mnara huo haukuwepo. Mbele yake ulisimama mnara wa taa peke yake. Mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 iliuharibu, na mnara wa saa ukaunganishwa na jengo katika ukarabati uliofuata. Ukiuchora mnara usiandike 1883 chini ya picha. Na tangu Desemba 2020, sehemu kubwa ilipoporomoka, anayechora kwa picha ya zamani aandike kwamba ni mwonekano wa zamani.

Asubuhi jua liko nyuma ya majengo ya ufukweni. Uso wote wa jengo unaoangalia bahari ni kivuli, na veranda zake ni kivuli ndani ya kivuli. Ukitaka nguzo zionekane zimejitenga na ukuta, njoo alasiri.

#19 Mwalimu wa Mistari
Kwa kuwa tumefika kwenye jua, twende kwa hesabu, maana wengi wanabuni urefu wa kivuli cha roshani. Unguja iko kama nyuzi 6 kusini mwa Ikweta. Juni saa sita mchana jua liko kaskazini, nyuzi 60 juu ya upeo. Roshani iliyotokeza mita 1 kwenye ukuta unaoangalia kaskazini inaangusha kivuli cha mita 1.7 ukutani. Desemba jua linahamia kusini, nyuzi 73 hivi, na roshani hiyohiyo kwenye ukuta wa kusini inaangusha mita 3 na zaidi, inafunika dirisha zima la chini. Machi, karibu saa tisa na nusu alasiri, jua liko nyuzi 45, kwa hiyo ukuta wa magharibi unapata kivuli sawa na urefu wa utokezo. Mapema Machi na mapema Oktoba jua linapita utosini, na kuta zote zinapata mwanga wa kuchapa juujuu unaoonyesha kila kovu la plasta. Huo ndio wakati mzuri wa kuchora chokaa iliyobanduka.

Kivuli kilichokaa kwa urefu sahihi kinahitaji marekebisho machache, na kila rekebisho ni mpito mwingine wa brashi. Fundi hapo hawezi kunipinga.

#20 Fundi Mpako
Sikupingi, nakushukuru.

#21 Brashi ya Shangani
Mwalimu, ukiwa hapo eleza na uchochoro unaopinda. Watu wanatumia nukta moja ya kukutania, yaani pale mistari ya ukuta inapoelekea kukutana kwa mbali, kwa kuta zote.

#22 Mwalimu wa Mistari
Kila jengo lina nukta yake, kwa sababu kila jengo limekaa kwa pembe yake. Kinachowaunganisha ni usawa wa jicho. Chora mstari wa jicho kwanza, mita 1.5 hadi 1.6 kutoka chini kama umesimama, na ukikaa kwenye baraza unashuka. Halafu jengo la kwanza litafutie nukta yake juu ya mstari huo, la pili nukta nyingine juu ya mstari huohuo. Njia ikiteremka, kingo za njia zinakutania chini ya mstari wa jicho, lakini mistari ya madirisha inabaki kwenye mstari wa jicho. Hapo ndipo jengo linapoonekana limesimama na njia inateremka.

Kwa nguzo za veranda usikadirie. Chora mstatili wa nguzo ya kwanza hadi ya mwisho ukiwa umeshafuata nukta, piga mistari miwili ya kukatana pembe kwa pembe. Pale inapokatana ndiyo nguzo ya katikati. Rudia kwa kila nusu.

Na anayechora kwa picha ya simu asisimame karibu akainua simu juu. Kuta zitaegemeana. Rudi nyuma, ongeza ukubwa mara mbili, shika simu wima.

#23 mkwezi wa minazi
Hii nguvu yote si bora mchore Tingatinga? Rangi ya bati haigeuki tope, na watalii wananunua.

#24 Dada wa Kiponda
Mjomba, Tingatinga ni fani yenye heshima yake tangu Edward Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960, na rangi ile inafunika kabisa, ndiyo sifa yake. Kwa chokaa ya Mji Mkongwe weupe wa karatasi ndio ukuta wenyewe. Hapo rangi ya maji haina mpinzani.

#25 Kuta na Chokaa
Nimesoma yote. Kuna kitu hamjakigusa: kuta hizi si nyeupe safi hata zikiwa juani. Ni mawe ya matumbawe, chokaa juu yake. Mvua inateremka kutoka kwenye mabati, inaacha michirizi ya kijivu na kijani chini ya paa. Chokaa ikibanduka jiwe la chini ni la rangi ya mchanga. Chini kabisa, nusu mita kutoka ardhini, unyevu unapanda na plasta inavimba. Sasa mtu anaweka uchafu huu kwanza, mpako baada ya mpako, halafu anapitisha kivuli juu. Kivuli kinakutana na rangi nne zilizopo tayari. Tope lazima.

Mimi nashauri kinyume: kivuli kwanza juu ya karatasi karibu tupu, kikauke kabisa, michirizi na mabanduko baadaye. Michirizi ni brashi namba 4 yenye rangi nzito na maji kidogo, unaipitisha kwa ubavu kwenye karatasi yenye uso wa kukwaruza ili iguse vilele tu. Mlango vilevile. Usichore kila msumari wa shaba. Chagua minne au mitano upande ulio na mwanga, weka nukta ya gwashi nyeupe (rangi ya maji inayoziba) iliyochanganywa na oka, iliyobaki iwe vivuli vidogo tu.

#26 Dada wa Kiponda
Misumari sawa. Ila umbo la mlango lisibuniwe. Wenye kizingiti cha juu kilichonyooka na wenye tao ni aina mbili tofauti, na mtu wa Unguja akiona tao limewekwa pasipo na tao anajua mchoraji hakutazama.

#27 Kibao cha Pwani
Naomba niulize kuhusu maji. Maji ya kisima ya huku yana chumvi na chokaa nyingi. Kuna anayesema ndiyo yanayogandisha ultramarini ikawa chembechembe chafu.

#28 Mzee wa Karatasi
Maji magumu yanafanya chembe za ultramarini zishikane makundi makundi. Jaribu mpako mmoja kwa maji ya kisima na mmoja kwa maji ya mvua, pembeni kwa pembeni. Kwenye plasta kuukuu chembe zile zinapendeza, kwenye anga zinaharibu.

#29 Fundi Mpako
Makopo ya maji yawe mawili, Mzee. La kuoshea na la kuchotea. Kabla ya kulaumu kisima, tazama rangi ya maji yaliyo kwenye kopo.

#30 Nahodha K
Kuta na Chokaa #25, tukifuata utaratibu wako mabati yenye kutu yanaingia lini? Yanagusana na ukingo wa juu wa kivuli.

#31 Kuta na Chokaa
Kabla ya kivuli. Sienna ya kuchoma na nyekundu ya udongo, mpako mmoja, uache mistari myembamba mikavu ya mwanga kwenye migongo ya mabati. Ukauke, ndipo kivuli cha ukingo wa paa kianzie chini yake.

#32 Fundi Mpako
Sikubali. Kutu ikiwekwa kwanza, nyekundu ya udongo inaziba, na ukiigusa kwa brashi iliyoshiba inashuka ukutani. Mabati mwisho, kwa brashi karibu kavu.

#33 Dada wa Kiponda
Au tumia sienna peke yake kwenye mabati, nyekundu ya udongo iache kabisa. Hapo yakitangulia au yakifuata hayana shida.